Kurasa za Kulia

Kazi yangu ilikuwa kufuta penseli.
Wino ukishakauka napitisha raba polepole,
kama anayemkanda mgonjwa,
mpaka mchoro ubaki peke yake.
Miaka sita, chumba kimoja, mtaa wa Nerima,
juu ya duka la kufulia nguo; sakafu ikitetemeka
kila mashine zilipokamua.

Ok Jin-seo alitoka Gunsan, mwana wa mchora mabango.
*Supu ya Mifupa. Tunanoa Visu.*
Herufi za baba yake zingali juu ya milango
ya maduka yaliyokwisha fungwa.
Alikuja na kalamu tatu
na Kijapani cha kuombea radhi.

Mhariri Kuramochi aliandika jina lake kwa herufi zetu
likatoka limepungua: Jinso.
Irabu ya mwisho haina kiti katika lugha yetu.
"Sawa," akasema. "Huyo Jinso na achore.
Mimi nitampikia wali."

Mwanzoni alichorea watu wengine nyaya za umeme,
vigae, madirisha mia nane ya hospitali moja,
na usiku akiyafundisha macho yake kugeuka,
maana kwao hadithi huanzia kushoto
na kwetu huanzia kulia.
Mwezi mzima watu wake wote
walikwenda kinyumenyume.

Hadithi yake ya kwanza, ya mabondia,
ilikufa wiki ya kumi na tisa.
Kadi za wasomaji zilimweka mkiani mara mbili mfululizo.
Kuramochi alileta habari hiyo pamoja na tikiti maji;
tukala, tukitema mbegu kwenye gazeti
lililokuwa na jina lake.

Ni baada ya hapo mkono wake ulipojifunza kunyamaza.
Nyeusi ti aliniachia mimi:
nywele, mto wa usiku, kinywa cha tanuri.
Nyeupe pe alibaki nayo mwenyewe,
na sijaona mtu mwingine
anayejua kuiacha karatasi kama yeye.
Nyuso aliziogopa. Alichora visogo,
vidole vikimenya kitunguu saumu,
soksi ya mtoto iliyogeuzwa ndani nje.
Sauti aliziandika kwa herufi nene za bango:
mlango *kacha*, ndoo *chubwi*.
Ila kimya, ambacho wenzake hukiandika ukurasa mzima, *jiii*,
yeye hakukiandika kamwe.
"Ukikipigia kelele," alisema, "kinakimbia."

Kuramochi alinung'unika:
"Kurasa nne, Jinso, na mvua tu?"
"Si mvua tu. Kuna mtu amechelewa."

Ikawa juzuu saba, hadithi ile ya kijana na feri.
Kifundo cha mkono kikavimba; akachora amekifunga kitambaa
kilichonuka kafuri hadi ngazini.

Siku za mavuno nilimsindikiza Gunsan, nimebeba boksi.
Mama yake, Noh Bun-rye, hajui Kijapani hata cha salamu.
Alipangusa vidole kwenye aproni
akakichukua kitabu cha mwisho,
akakifungua kushoto, kama alivyozoea,
pale ambapo sisi hufungia.
Nikafungua mdomo.
Jin-seo akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kwa hiyo yeye alianza na bahari tupu.
Kisha feri, ndogo kama punje ya ufuta,
ikakua.
Kisha gati, na kijana akishuka kinyumenyume,
akipita chini ya mabango,
supu ya mifupa, tunanoa visu,
mvua ikipanda kurudi mawinguni,
mpaka ua, mpaka viatu vinavuliwa,
mlango *kacha*,
na mezani bakuli lililokuwa tupu
linajaa.

Alilitazama bakuli lile muda mrefu.
"Vizuri," alisema. "Huyu angalau amerudi kula."
Akaenda kupasha supu moto.

Nikageuka kumtazama Jin-seo.
Alikuwa ameelekea dirishani.
Niliona kisogo tu.